Kamera haijui kama bibi harusi kavaa nyeupe: uzi wa mwanga kwa wanaoanza

#1 Fundi wa Mbagala

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki napata ujumbe wa aina moja: "Kaka, nimenunua kamera, nipe setingi." Mtu anataka nimwandikie namba tatu, akaziweke, aende harusini. Zamani nilikuwa naandika. Nimeacha, maana namba za saa saba mchana ufukweni zikiingia ukumbini saa tatu usiku zinatoa picha nyeusi tii, halafu lawama zinarudi kwangu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Harusi ya kwanza nilibebwa na rafiki kama msaidizi. Mchana, nje ya kanisa, jua la utosi. Bibi harusi kasimama mbele, shela limejaa fremu, bwana harusi na wapambe nyuma yake. Nikaiachia kamera iamue kila kitu. Jioni tunafungua kwenye kompyuta: shela limekuwa la kijivu kama kanzu iliyofuliwa pamoja na soksi za shule, na nyuso zimezama gizani kiasi kwamba mama mzazi wa bwana harusi angebabaika kumtambua mwanawe. Niliapa nimeuziwa kamera mbovu. Kumbe kamera ilikuwa nzima kabisa.

Ndani ya kamera kuna mita ya mwanga. Mita haioni shela, haioni ngozi, haioni ukuta wa chokaa. Inaona mwanga mwingi au mwanga kidogo, basi. Imefundishwa jambo moja: kwamba vyote vilivyomo kwenye fremu ukivichanganya, wastani wake ni kijivu cha katikati, kile kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Ukiionyesha kitu cheupe kilichojaza fremu, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, cheupe kinageuka kijivu. Ukiionyesha kitu cheusi, inadhani kuna giza, inaongeza, suti nyeusi inatoka imepauka kama imeanikwa juani miaka mitatu. Kamera za siku hizi zina akili zaidi, zinatafuta sura na kulinganisha mandhari, lakini tabia hiyo ya msingi ipo palepale.

Usiniamini kwa maneno. Chukua shuka jeupe, lijaze kwenye fremu, piga. Kisha chukua suruali nyeusi, ijaze, piga. Ziweke picha mbili pamoja. Utashangaa zinavyofanana.

Dawa yake ni kile kitufe chenye alama ya +/−. Cheupe kikitawala fremu, ongeza: +1, wakati mwingine hadi +2. Cheusi kikitawala, punguza: −1 au zaidi kidogo. Kama hutajifunza kitu kingine chochote humu, ondoka na hicho, kwa sababu kamera haitakuja kujua ulichosimama mbele yake. Wewe unajua.

Sasa vile vitu vitatu ambavyo kila mtu anaviogopa.

Tundu la lenzi. Namba yake inaandikwa f/ na ndiyo inayochanganya watu, kwa sababu f/16 ni tundu dogo na f/2 ni tundu kubwa. Fikiria chapati. Ukiigawa watu wawili, kila mmoja kipande kikubwa. Ukiigawa watu kumi na sita, mnalambana vidole. Na ni mgawanyo kweli, si mfano tu: lenzi ya milimita 50 kwenye f/2 ina tundu la upana wa milimita 25, kwenye f/16 limebaki kama milimita 3. Tundu kubwa linaingiza mwanga mwingi na nyuma ya mtu panafifia. Dogo linabana mwanga na vitu vingi, vya mbele na vya nyuma, vinaonekana vikali.

Shata ni muda. 1/60 ya sekunde, 1/125, 1/250. Muda mrefu, mwanga mwingi, lakini chochote kinachotikisika kinavutika kama mlenda. Mtu aliyesimama anatulia kwenye 1/125. Anayecheza muziki nenda 1/250 au zaidi, na bado mikono inaweza kukuponyoka.

ISO, namba inayokuza mwanga uliokwishaingia, ni kuongeza maji kwenye mchuzi. Wageni wamezidi, nyama ni ileile, unaongeza maji ili sufuria ijae. Watakula wote, ila ladha imepungua. Kwenye picha ladha hiyo ikipungua tunaita chenga, yaani vidoadoa.

Vitu hivi vitatu vinaongea lugha moja, nayo ni stopu. Stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu. Shata kutoka 1/125 kwenda 1/250 ni stopu moja pungufu. ISO 400 kwenda 800, stopu moja zaidi. Namba za tundu nazo hupanda kwa ngazi hizi, kila ngazi stopu moja pungufu: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Ukichukua huku, rudisha kule. Hapo ndipo hesabu ilipoishia, mengine ni mazoezi.

Uzi tayari. Maswali karibuni.

#2 Kijiwe Namba Moja

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wenye kamera.

#3 Dogo Tegeta

Mkuu umetisha. Mimi nina ile lenzi inayokuja na kamera, 18-55. Mchana picha zangu zinang'aa balaa. Ukumbini zote zimetikisika. Nimeambiwa ninunue kamera nyingine. Ni kweli?

#4 Fundi wa Mbagala

Dogo, aliyekuambia hivyo anauza kamera?

Tazama kwenye mdomo wa lenzi yako, pameandikwa 3.5-5.6. Maana yake ukiwa 18 tundu linafunguka hadi f/3.5, lakini ukivuta hadi 55 linabana lenyewe hadi f/5.6 hata kama hukuligusa. Na ukumbini ndipo unapovuta, kwa sababu MC kakufukuza jukwaani.

Nikupe hesabu. Ukumbi wa kawaida wenye taa hafifu, mimi huwa kwenye f/2.8, 1/125, ISO 3200. Wewe kwenye f/5.6 uko stopu mbili chini. Ukitaka 1/125 hiyohiyo lazima ISO iende 12800, na kamera yako hapo inatoa chenga kama unga wa dona. Usipopandisha ISO, kamera inakushushia shata hadi 1/30 na chini ya hapo. Ndiyo hizo zinazotikisika.

Badala ya kamera, tafuta lenzi ya 50 yenye f/1.8. Kila kampuni kubwa ina ya kwake na ndiyo ya bei nafuu kuliko karibu zote. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 ni mwanga karibu mara kumi. Ila haivuti, miguu yako ndiyo zoom.

Kabla hujanunua, kagua ISO yako sasa hivi. Nina wasiwasi umeifunga kwenye 100 tangu mchana. Nasema hivyo kwa sababu nilishafanya. Keki imekatwa, watu wanalishana, mimi niko ISO 100 nimetoka nayo ufukweni, shata imeshuka hadi nusu sekunde. Kwenye kioo cha nyuma zilionekana nzuri kabisa, maana kioo ndani ya giza kinang'aa kuliko picha yenyewe. Nyumbani nikakuta maharusi wana vichwa viwili viwili.

#5 Dogo Tegeta

Nimekagua. 100. 😂

#6 Sensa Kubwa

Mada nzuri, lakini turekebishane. ISO kwenye kamera za dijitali haiongezi uwezo wa sensa, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha, kupokea mwanga. Sensa inapokea kile ilichopewa na tundu na shata. ISO inakuza ishara baada ya hapo. Na chenga haziletwi na ISO, zinaletwa na uhaba wa mwanga.

#7 Fundi wa Mbagala

Mkuu, ndiyo mchuzi wangu uleule, nyama haikuongezeka. Lakini umegusa kitu ambacho wengi wanakosea: wanaogopa chenga, wanapiga ISO 800 picha ikiwa giza, halafu wanaivutia juu kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha. Hapo unakuza giza, na kwa kamera nyingi unapata chenga mbaya kuliko ungeweka ISO 3200 tangu mwanzo. Kwa JPEG, faili ambayo kamera imeshaibana yenyewe, ndiyo kabisa, giza likishafungwa halifunguki. Picha kali yenye chenga mteja anaipokea. Picha safi iliyotikisika hakuna wa kuiokoa.

#8 Binti Shangani

Mimi niko Unguja, marehemu babu alikuwa na studio ndogo. Enzi za filamu mtu hakuwa na ISO ya kuchezea. Ukishaweka roli ya 100 ndani, ni 100 mpaka picha ya thelathini na sita. Kwa hiyo alikuwa anajua mwanga kwa macho. Ndani ya boksi la filamu kulikuwa na michoro ya jua na mawingu yenye namba zake.

Kanuni aliyonifundisha: jua kali lisilo na wingu, tundu f/16, shata iwe namba ya filamu yako. Filamu ya 100, shata 1/125, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Wingu jepesi, f/11. Wingu zito, f/8. Hadi leo napiga hivyo kwa dijitali, mita naitazama kwa udadisi tu. Na mtu akiwa amevaa buibui jeusi au kanzu nyeupe, namba hazibadiliki, maana jua ni lilelile.

Anayependa mambo ya picha za zamani akija Mji Mkongwe aulizie Capital Art Studio. Ipo tangu 1930, ilianzishwa na Ranchhod Oza. Watu wale walijua mwanga.

#9 Fundi wa Mbagala

Dada, sentensi yako ya "jua ni lilelile" ingenitosha kuandika uzi mzima. Hiyo ndiyo faida ya modi M, ile ya kuweka namba zote mwenyewe. Mita ya kamera inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye nguo. Kanuni ya babu inapima mwanga unaoshuka. Nguo ikibadilika, mita inayumba; jua haliyumbi.

Niongeze tahadhari kwa wanaopenda kufifisha nyuma saa saba mchana. Hesabu kutoka kanuni hiyo: f/16 na 1/125 ni sawa na f/8 na 1/500, sawa na f/4 na 1/2000, sawa na f/2.8 na 1/4000. Kamera nyingi za kuanzia zinaishia 1/4000. Ukilazimisha f/1.8 juani, shata imegota ukutani na picha inaungua hata ISO ikiwa 100. Ndiyo maana tunawasogeza maharusi chini ya mwembe.

#10 Mwana wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Kuna kitu kinanisumbua. Kanisani kwetu kuna taa za tubu ndefu. Napiga 1/500 ili kwaya isitikisike. Picha tano mfululizo, setingi moja, lakini moja yaja na rangi ya manjano, nyingine ina giza nusu, nyingine sawa. Kamera ni mgonjwa?

#11 Sensa Kubwa

Hapana ndugu, ni umeme. Umeme wetu, Kenya na Tanzania, ni wa hezi 50, na taa za aina hiyo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya 1/500 inaona, inakamata kipande tu cha wimbi. Shuka hadi 1/100 ili kila picha ichukue wimbi zima. 1/50 nayo inafaa kama watu wametulia. Baadhi ya kamera zina sehemu ya kuzuia kupepesa huko kwa taa, itafute kwenye menyu.

#12 Mwana wa Likoni

Ahsanteni. Jumapili nitajaribu 1/100, kwaya nitawaambia wasirukeruke.

#13 Mzee wa Lenzi Ndefu

Mnazunguka sana. Sisi ni Waafrika. Ngozi yetu nyeusi, kamera zimetengenezwa na wengine. Weka +1 daima, kazi imekwisha. Miaka kumi nafanya hivyo.

#14 Fundi wa Mbagala

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo nakataa.

Lawama yako ina msingi. Wakati wa filamu za rangi, Kodak walikuwa wanatuma kwenye maabara kadi za kulinganishia rangi zilizoitwa Shirley, na kwa miaka mingi aliyekuwa kwenye kadi hizo ni mwanamke mweupe. Rangi zilipangwa zimpendeze yeye. Hilo halina ubishi.

Lakini +1 daima inakosea mara mbili. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, au mgongo ukiwa baharini: mita inadanganywa na weupe wa nyuma, uso unazama, hapo +1 yako inaokoa. Sasa msogelee mtu huyohuyo, uso ujaze fremu, nyuma pawe na pazia jeusi. Mita inaona giza, tayari imeshaongeza yenyewe. Wewe ukiweka tena +1, ngozi inapauka kama imepakwa poda, na ule mng'ao wa paji la uso unaungua. Ngozi ileile, kosa limegeuka upande. Hapo ni −1 au karibu yake.

Nitumiavyo mimi: naweka mita ipime nukta ndogo tu ya katikati, naipima kiganja changu kwenye mwanga uleule aliosimama mtu, kisha naongeza stopu moja, kwa sababu kiganja ni cheupe kuliko kile kijivu kwa kama stopu moja. Rangi zetu zinatofautiana mgongoni mwa mkono, viganja havipishani sana. Nafunga namba hizo kwenye M, narudi kwa mtu, napiga. Akija shangazi mweupe akasimama pembeni yake, sibadilishi kitu.

#15 Mzee wa Lenzi Ndefu

Marahaba. Kwenye pazia jeusi sijawahi kufikiria. Huwa nashusha baadaye kwenye kompyuta nikidhani ni mashine.

Ila +1 yangu kwenye harusi za mchana siiachi.

#16 Fundi wa Mbagala

Kwenye harusi za mchana shela limejaa, mzee. Hata mimi nipo +1. 🤝

#17 Mama Zai wa Keki

Jamani mimi sina kamera. Nina Tecno yangu na biashara ya keki. Keki nyeupe za harusi zinatoka za bluu-kijivu, wateja wanauliza kama ni za jana. Nimesoma yote, nimeelewa habari ya shuka jeupe, sasa kwenye simu hicho kitufe cha +/− kiko wapi?

#18 Fundi wa Mbagala

Mama Zai, swali lako ndilo nililolisubiri.

Fungua kamera ya simu, gusa keki kwenye kioo. Litatokea duara au mraba, na karibu yake alama ya jua au taa. Buruta hiyo alama kwenda juu taratibu. Hiyo ndiyo +/− yako. Pandisha mpaka krimu iwe nyeupe lakini yale maua ya krimu bado uyaone mikunjo yake. Mikunjo ikipotea, umepitiliza, rudi kidogo. Kilichoungua hakirudi.

Kwenye simu nyingi tundu halibadiliki, limefungwa kiwandani, kwa hiyo simu inacheza na shata na ISO tu. Ukiingia kwenye modi ya Pro, kama simu yako inayo, utaziona zote mbili. Ila anza na jua hilo la kuburuta.

Habari ya bluu ni nyingine. Keki iko kivulini karibu na dirisha, na mwanga wa kivuli una ubluu wake, au umechanganya dirisha na taa ya dari. Zima taa ya dari. Weka meza pembeni ya dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni, upande wa pili simamisha karatasi nyeupe kubwa irudishe mwanga kwenye kivuli. Flashi ya simu usiiguse, inafanya krimu ionekane kama plasta.

#19 Dogo Tegeta

Mkuu, kuhusu flashi, naweza kuuliza? Ya kwangu mchana nikiiwasha shata inagoma kuvuka 1/200.

#20 Fundi wa Mbagala

Ni sawa, ndivyo ilivyo. Shata za kamera hizi ni mapazia mawili. Ukipita kiwango hicho, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na flashi inamulika wakati sensa haijafunguka yote. Ungepata picha yenye mstari mweusi, kwa hiyo kamera inakuzuia. Juani kwa 1/200 na ISO 100 utahitaji tundu karibu f/13. Flashi ina uzi wake, tukianza hapa hatulali.

#21 Kijiwe Namba Moja

Bado nipo kambini. Nimejaribu shuka na suruali. Mke wangu kaniuliza kama nimerukwa na akili, nikamwonyesha picha. Sasa anapiga na yeye.

#22 Mama Zai wa Keki

Nimerudi. Nimezima taa, nimeweka meza dirishani, nimeburuta jua juu. Keki nyeupe kama theluji za kwenye kalenda. Mteja kauliza kama nimebadilisha sukari.

Leo nilikuwa na ya chokoleti. Simu imeitoa kahawia iliyopauka, kama ya kakao iliyopitwa na wakati. Nimeburuta jua chini bila kumuuliza mtu.

#23 Fundi wa Mbagala

Picha iko wapi, mama Zai?

#24 Mama Zai wa Keki

Nimeituma kwa mteja, watoto wakaivamia keki kabla sijapiga nyingine. Ya Jumamosi nitaiweka humu.